Vidole Viwili Chini ya Futi

Jumatatu, 3 Machi

Leo suruali imerudi.

Mwalimu wa hesabu aliingia nayo dukani wakiwapo wateja wanne, akaivaa palepale juu ya suruali aliyokuwa amevaa. Ikamkubali, na nafasi ikabaki. Akageuka huku na huku kama bibi harusi, akauliza, "Fundi, hii umenishonea mimi peke yangu, au mimi na mdogo wangu?"

Watu wakacheka. Mpiga pasi wa mlango wa pili akaja kuchungulia, pasi ingali inatoa moshi mkononi. Nikasema nitaipunguza. Sauti yenyewe sikuitambua kuwa ni yangu.

Naandika haya nyuma ya daftari la vipimo kwa kuwa sina wa kumwambia. Mwandiko wangu ni wa darasa la tatu, ndiko nilikoishia, lakini mkasi haukuniuliza cheti. Nimeshona miaka hamsini na miwili. Suruali zangu zimeoa, zimezika, zimesimama mbele ya mahakimu. Haikuwahi kurudi hata moja. Anayebisha na alete.

Leo imeletwa.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Sikushona.

Jumatano, 5 Machi

Imerudi ya pili. Ya kinyozi. Yeye aliiweka juu ya meza akaipapasa kama mtu anayempa pole mgonjwa. Heri angetukana.

Sasa niseme ukweli ambao hata mwanangu hajui. Macho yangu yamechoka. Tangu mwaka jana nikichora mstari kwa chaki, unapinda. Mke wa mwanangu ndiye aliyeona. Mume wake ni dereva wa malori, wiki tatu yuko njiani, basi tunaokaa nyumba hii ni mimi na yeye. Anafanya kazi za kompyuta katika chumba cha nyuma ya duka. Hakuniambia "baba, huoni." Aliniletea programu. Mimi napima mteja, namtajia namba, yeye anaziingiza, mashine inatoa karatasi yenye umbo la suruali nzima, mimi nabandika juu ya kitambaa na kukata. Mteja hajui kitu. Nilimshukuru kimoyomoyo kwa kunifichia.

Programu hiyo hainunuliwi. Ni huria. Anasema imetengenezwa na watu waliotawanyika, hawajuani kwa sura. Akiona kasoro mtu yeyote anaripoti, na anayeweza kutengeneza anatengeneza, wengine wanakagua, inapitishwa. Kama kisima cha mtaa: anayekuta kamba imekatika ndiye anayeifunga. Yeye mwenyewe mwaka wa pili sasa anafunga kamba za kisima hicho.

Nikamwambia leo, kisima chenu kina sumu.

Ijumaa, 7 Machi

Tumeripoti. Mimi nasema, yeye anaandika.

"Waambie programu yao inashona magunia. Waambie aliyeitengeneza hajawahi kumvika suruali hata mbuzi."

Akaandika muda mrefu kidogo. Nikamwambia asome. Akasoma: "Nafasi inayoongezwa kwenye kiuno na nyonga inaonekana kuwa kubwa kupita kiasi."

"Mimi sikusema hivyo."

"Umesema, baba. Nimeitoa hasira tu."

"Irudishe."

Hakuirudisha. Lakini alicheka, na mimi nikacheka, kicheko cha kwanza tangu Jumatatu.

Jumanne, 11 Machi

Wamejibu. Mkubwa wao anajiita Mkasi. Jina lake halisi hatulijui. Anataka vipimo vya watu kumi, na vipimo vya nguo zao zilizoshonwa, tofauti ionekane. Kumi! Mimi nilikuwa napima watu yeye hajazaliwa. Nitampa kumi na wawili.

Jumatano, 12 Machi

Nimepima wanne. Mpiga pasi amekataa kuvuta tumbo ndani. Nikamwambia, basi usipumue.

Alhamisi, 13 Machi

Watatu. Mvua.

Jumamosi, 15 Machi

Wametimia kumi na wawili. Na sikiliza: nguo zote zimezidi kwa inchi moja na nusu. Zote! Mnene, mwembamba, mzee, kijana, inchi moja na nusu. Mke wa mwanangu aliitazama ile orodha, akasema, "Ajabu, baba. Kosa la kawaida hupanda na kushuka. Hili limesimama tu."

Nikamwambia, "Ukweli ndio husimama."

Nililipenda jibu langu. Nimelirudia kwa mpiga pasi mara mbili.

Jumatano, 19 Machi

Leo nimesema uongo. Nauandika hapa ili nisijidanganye kuwa nimesahau.

Mkasi ameuliza swali moja. Mke wa mwanangu alikuja nalo dukani wakati nampima mteja nyonga. Akasimama karibu na kabati la nyuzi, akasubiri, akaniangalia nikizungusha futi na kusoma namba. Mteja alipotoka akasema, "Baba, wanauliza: fundi anapopima, futi inagusa mwili, au anaacha vidole ndani?"

Futi ilikuwa bado mkononi mwangu.

Mimi naweka vidole viwili. Fundi wangu aliyenifundisha alikuwa anaweka viwili, na aliyemfundisha yeye nadhani hivyo hivyo. Unaweka vidole viwili kati ya futi na mwili, mwenye nguo apate kupumua, halafu unachora kwa namba hiyo kama ilivyo. Huongezi kitu. Pumzi imeshaingia kwenye namba. Hivyo ndivyo ninavyopima, na sijawahi kufikiri kuwa ni jambo la kutajwa, kama mtu asivyotaja kuwa anatembea kwa miguu.

Lakini alipouliza nilivitazama vidole vyangu. Nilielewa. Siwezi kusema sikuelewa. Vidole vyangu vinaongeza, na programu inaongeza tena juu yake. Vidole vyangu viwili, vilivyonenepa kwa kazi, ni inchi moja na nusu.

Nikafikiri: sasa wataandika kuwa kisima hakina kasoro, mwenye kasoro ni kizee cha darasa la tatu kinachopima kwa vidole. Wasomi wote hao watacheka. Na huyu binti wa watu atacheka kwa adabu, akiwa ameziba mdomo.

Nikasema, "Waambie sipimi kwa vidole. Vidole ni vya wanafunzi."

Akauliza tena, polepole. "Niandike hivyo, baba? Inagusa mwili?"

"Kwani mimi nimeanza kushona jana?"

Akasema, "Hapana, baba. Naandika."

Ijumaa, 28 Machi

Marekebisho yamepita. Yeye ndiye aliyeyatengeneza, akapunguza ile nafasi kutoka inchi mbili hadi nusu inchi. Mkasi ameandika: "Ushahidi wa fundi mwenye miaka hamsini kazini ni mzito kuliko vitabu vyetu." Na katika orodha ya waliochangia wameweka mstari mpya: jina lake, na chini yake, "pamoja na Fundi, baba mkwe wake."

Amenichapishia tangazo lenyewe. Nimelibandika ukutani juu ya cherehani.

Suruali zangu zinakaa sasa kama ngozi. Ng'ombe hazeeki maini. Ndiyo, nimefurahi. Niseme nini?

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Suruali mbili, koti moja. Mpiga pasi ananiita Profesa.

Jumatatu, 7 Aprili

Mke wa mwanangu ana habari. Wanataka kumpa ufunguo. Maana yake, mwezi ujao naye atakuwa miongoni mwa wale wanaopitisha kazi za wengine. Wako watano tu katika watu mia na zaidi. Alikuwa anasema huku anakaanga vitunguu, mgongo umenielekea, lakini sauti ilikuwa inaruka.

"Kazi ya miaka miwili, baba. Na hii ya mwisho ndiyo iliyowaamulia."

Nikasema hongera, mama. Chakula sikukimaliza. Nikasingizia jino.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua tangu alfajiri.

Alhamisi, 17 Aprili

Hakuna suruali iliyorudi. Nililitazama lile tangazo ukutani, nikaona limeanza kukunjika kwa unyevu. Nikalinyoosha. Kisha nikajiuliza nalinyoosha kwa uso gani.

Jumanne, 22 Aprili

Mwenyekiti wa kikundi cha kina mama wanaoshona sare alikuja dukani. Ni mwanamke wa miraba minne, fundi mwenye cheti cha chuo. Nao wanatumia programu ile ile. Mke wa mwanangu ndiye aliyewafundisha. Alikuja na mfuko, akatoa sketi kumi za shule akazipanga juu ya meza yangu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Fundi, tumeaibika. Sare mia na sitini. Shule imefunguliwa jana, watoto hawawezi kukaa. Wakikaa, sketi inapasuka. Wavulana ndiyo usiseme, kaptura zinawabana mpaka wanatembea kama kuku aliyefungwa miguu. Mwalimu mkuu amewaruhusu wasimame darasani. Wanaandika wamesimama, fundi, daftari ukutani!" Akakaa. "Nimepima mwenyewe, kila mtoto. Nimekuja kwako kwa kuwa wewe ni mkubwa wetu. Kosa letu liko wapi?"

Nikamwomba anionyeshe anavyopima. Akamwita mtoto aliyekuja naye, akamzungushia futi nyonga. Futi ikalala juu ya mwili kama kovu. Hakuna kidole. Akasoma namba.

Sikuwa na haja ya kuona zaidi. Lakini nilijifanya naikagua sketi, nikaikunja, nikaikunjua, nikaipeleka mwangani, na macho yenyewe hayaoni.

Nikasema, "Kitambaa. Kitambaa hiki kikifuliwa hujikunja."

Akaniangalia. "Fundi, hazijafuliwa."

Mtoto yule naye akaniangalia.

Nikasema nitafikiri. Alipoinuka kuondoka akanishukuru. Alinishukuru!

Jumatano, 23 Aprili

Sikufungua duka.

Alhamisi, 24 Aprili

Si wao tu. Mke wa mwanangu ameniambia ripoti zimeanza kuingia kutoka kila upande. Makoti ya wauguzi, suruali za kiwanda, gauni za kwaya nzima. Wote: inabana. Wamefuatilia nyuma mpaka wakafika kwenye marekebisho ya Machi, na jina lililo juu yake ni lake.

Mkasi amemwandikia, "Ulituambia umehakiki."

Nikamuuliza, "Umemjibu nini?"

"Nimesema kosa ni langu. Sikuhakiki." Akachukua kikombe changu kilichokwisha chai. "Nikuongezee, baba?"

Ijumaa, 25 Aprili

Ameniongezea chai. Amenipigia pasi shati. Amenitengea maji ya kuoga. Hajabadilika hata unywele. Angenuna ningepata pa kushika.

Alikwenda haja ndogo akaacha kompyuta wazi, nikasogea. Nasoma polepole, silabi kwa silabi, lakini nasoma. Mtu mmoja ameandika, "Ndiyo hasara ya kuleta ndugu kwenye kazi." Mwingine, "Na tulikuwa tunataka kumpa ufunguo." Yeye chini yao ameandika, "Mna haki." Basi.

Nilisikia maji yakimwagwa nikarudi dukani mbio kama mwizi. Mzee wa miaka sabini na moja.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimelitoa lile tangazo ukutani. Mpiga pasi kauliza, "Profesa, umestaafu?"

Jumapili, 27 Aprili

Nilimwita baada ya chakula. Nikamwambia akae. Alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Nimezungumza mbele ya mabaraza na misiba, lakini leo nilianza kwa kuzungusha futi kwenye kidole.

Nikasema, "Mama, mimi naweka vidole."

Akainamisha kichwa. "Najua, baba."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku niliyokuuliza. Nilisimama pale kwenye kabati la nyuzi. Niliviona."

"Mbona hukusema?"

Hapo akaniangalia usoni, jambo ambalo halifanyi. "Ningesemaje? Niseme baba mkwe wangu ni muongo, mbele yake, dukani kwake? Nilikuuliza mara mbili, baba. Ya pili nilikuwa nakuomba."

Akakunja pindo la kitenge chake, akalikunjua.

"Nikajiambia labda macho yangu," akasema. "Nikajiambia labda kwa wale kumi na wawili hukuweka. Nikajiambia mengi. Mwisho nikaandika *nimehakiki*. Hilo wewe hukuniambia niandike. Hilo ni langu."

Nikamwambia hapana, ni langu lote, nitawaandikia. Akasema, "Si lazima, baba. Watasahau." Nikasema hawatasahau, wewe mwenyewe uliniambia kule hakufutwi kitu. Akatabasamu kidogo, tabasamu la uchungu. Akasema, "Basi andika wewe. Mimi sitaitoa hasira wala sitaitia sukari."

Jumatatu, 28 Aprili

Nimeandika kwa kidole kimoja. Herufi za mashine hazikupangwa kama nilivyofundishwa, nimezitafuta moja moja kama mtu anayeokota shanga. Asubuhi yote imekwenda. Naweka nakala hapa:

"Mimi ni yule fundi. Mliuliza kama naweka kidole chini ya futi. Nilisema siweki. Naweka viwili, miaka hamsini na miwili. Nilijua mlipouliza. Niliona haya. Mke wa mwanangu aliandika nilichomwambia kwa kuwa ananiheshimu, na heshima hiyo nimeitumia vibaya. Programu yenu haikuwa na kasoro. Rudisheni inchi moja na nusu. Watoto mia na sitini wanasoma wamesimama. Mafundi kama mimi wako wengi, na ni wakaidi. Mkiwauliza kama wanaweka vidole, watasema hapana. Msiwaulize kama wanaweka. Waulizeni wanaweka vingapi."

Akaisoma. Akasema kuna makosa manne ya herufi. Nikamwambia ayaache.

Jumatano, 30 Aprili

Mkasi amejibu. Mke wa mwanangu alinisomea kwa sauti isiyopanda wala kushuka.

"Nimerudisha inchi moja na nusu leo asubuhi. Swali lako nimeliweka mwanzo wa programu kama ulivyoliandika: *vingapi*. Tangu jana wamejibu mafundi thelathini na mmoja. Tisa wanaweka kimoja, wanne viwili, mmoja anaweka kiganja, waliobaki hawaweki. Fundi, ahsante, ingawa umechelewa. Kuhusu ufunguo, mkweo atasubiri. Si adhabu. Alipitisha neno la mtu bila kulipima."

Nikasema niandike tena, niwaambie. Akafunga kompyuta. "Ana haki, baba. Acha."

Niliacha. Nimezoea kurekebisha. Hili halirekebishiki, nalo ni langu.

Ijumaa, 2 Mei

Nimekwenda kwa kina mama wa sare, kwa miguu yangu, mvua inanyesha. Cherehani kumi na mbili zilikuwa zinalia, nilipoanza kusema zikanyamaza moja baada ya nyingine. Nilisema yote. Na la kitambaa nalo.

Mwenyekiti alinitazama mpaka nikatamani anipige. Kisha akasema, "Mimi nilikaa siku tatu najiuliza kama nijiuzulu. Siku tatu, fundi. Nilifikiri nimesahau kupima."

"Nisamehe."

"Nitajaribu. Leo siwezi." Akasukuma rundo kwa mguu. "Wembe huu hapa. Kaa chini ufumue."

Nilikaa. Mama mmoja wa pembeni akasema, "Afumue kwa vidole, si anavyo vya ziada!" Wakacheka kucheka kwa watu waliolia wiki nzima. Sikuudhika. Nilistahili na zaidi.

Jumamosi, 3 Mei

Nimefumua sketi kumi na nne. Nimekata kitambaa kwa bahati mbaya katika mbili, kwa sababu ya macho. Nimewaambia kuwa sioni vizuri. Sasa wanajua watu kumi na wawili nilichoficha mwaka mzima. Wamenisogeza dirishani.

Jumanne, 6 Mei

Kumi na tisa.

Ijumaa, 9 Mei

Wanaongeza vipande pembeni mwa sketi, rangi karibu ifanane. Ukitazama vizuri unaona mshono. Kila mtoto atatembea nao mwaka mzima, na mimi nitakuwa nauona njiani, hata kwa macho haya.

Alhamisi, 15 Mei

Mvua imepungua. Sare zimeisha. Watoto wamekaa.

Jumatatu, 19 Mei

Nimefungua duka. Mteja wa kwanza alikuwa muuza magazeti, anataka suruali ya kumpeleka bintiye chuo. Nikampima kiuno, vidole nimeviondoa, vinaniwasha kama vimefiwa. Nikaandika namba kwenye daftari la vipimo, nikaitaja.

Mke wa mwanangu hakuiandika. Akaweka kalamu chini, akasema, "Baba, kwa ruhusa yako, napima tena."

Hajawahi kufanya hivyo. Mimi mwenyewe sijui kama ningemruhusu hata kama angeniuliza tukiwa wawili tu. Lakini alichukua futi, akamzunguka mteja kwa heshima. Muuza magazeti akaniangalia, akacheka kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mpiga pasi.

"Eh, mzee! Siku hizi mkwe anakukagua?"

Mke wa mwanangu akasimamisha mkono. Hakunitazama. Alikuwa anasubiri nitakachosema, futi imezunguka kiuno cha mtu.

Nikamwambia, "Soma namba, mama. Kwa sauti."

Akaisoma. Ilikuwa pungufu ya yangu kwa robo inchi.

Nikafuta yangu.